Dharau ya duka la kifahari ina hesabu zake

Pita Champs-Élysées, Paris, Jumamosi saa tisa alasiri, utaona jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza. Foleni ya watu ishirini, thelathini, imejipanga nje ya duka la mikoba. Mlinzi wa suti nyeusi amesimama na kamba mlangoni, na ukichungulia kwa kioo, ndani kuna nafasi tele. Mgeni aliyetoka Dar au Mombasa hufikiri mara moja kwamba anazuiwa. Wengine hugeuza hapo hapo, roho imechafuka. Lakini mlinzi yule hapimi nafasi ya sakafu, anahesabu wauzaji. Nyumba nyingi kubwa za mitindo zina utaratibu wa muuzaji mmoja kwa mteja mmoja, tangu salamu hadi malipo. Wauzaji kumi na wawili wakiwa na wateja kumi na wawili, wa kumi na tatu atasubiri nje hata kama duka ni kubwa kama ukumbi wa harusi.

Naanza na foleni kwa sababu malalamiko mengi kuhusu maduka haya huchanganya mambo matatu yasiyo ndugu. La kwanza ni utaratibu tu: foleni, kabati lililofungwa kwa ufunguo, glavu, muuzaji anayekufuata hatua kwa hatua. La pili ni biashara ya uhaba: kitu kipo, ila unaambiwa hakipo, maana duka linachagua nani auziwe. La tatu ni ubaguzi wenyewe: umepimwa kwa rangi, kwa lafudhi au kwa hijabu, ukaonekana si mtu wa pale. Yote matatu humpandisha mteja joto lile lile usoni. Dawa zake, hata hivyo, hazifanani, na anayetumia dawa ya moja kutibu jingine hutoka mikono mitupu, au hutoka na risiti ya kitu ambacho hakukihitaji. Hilo la risiti ndilo linaloniuma zaidi, na nitalirudia.

Kinachohesabiwa juu ya mlango

Ukiingia, inua macho. Kwenye dari juu ya mlango wa maduka mengi ya aina hii kumebandikwa kifaa kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kazi yake ni kuhesabu vichwa. Jioni meneja huchukua idadi ya risiti akaigawanya kwa idadi ya vichwa. Wakiingia watu 200 na risiti zikawa 20, duka limeuza kwa asilimia 10, na namba hiyo ndiyo atakayoulizwa na wakubwa wake. Kila anayeingia kutazama tu anaishusha. Muuzaji naye ana lengo lake la mwezi, na sehemu ya kipato chake hutegemea lengo hilo. Penye utaratibu wa zamu, anayempokea mtazamaji ameipoteza zamu yake, na mnunuzi anayefuata ataangukia kwa mwenzake. Kwa hiyo ukiona wauzaji watatu wanakunja skafu ambazo zimeshakunjwa vizuri huku wewe umesimama mbele yao, huenda wanategeana: kila mmoja anangoja mwenzake akuchukue.

Sisemi hivyo ili kuwatetea. Mtu mzima anayemtazama mwenzake kuanzia viatu hadi utosini kisha akageuza uso amefanya jambo baya, hata kama mwajiri wake anamlipa kwa namna inayomsukuma kulifanya. Ila ukijua kinachohesabiwa, unajua pa kushika. Muuzaji anayepima watu kwa macho anabahatisha, na anabahatisha kwa sababu hana habari. Mpe habari mapema naye ataacha kubahatisha, au kama ana lake moyoni, litajitokeza wazi ndani ya dakika mbili na hutapoteza nusu saa kujiuliza.

Kuhusu kupimwa kwa mavazi, kuna utafiti unaofaa kujulikana. Mwaka 2014 Silvia Bellezza, Francesca Gino na Anat Keinan walichapisha kazi iliyofanywa kwa sehemu katika maduka ya kifahari ya katikati ya mji wa Milano. Wauzaji waliulizwa wamfikirie mwanamke wa miaka 35 hivi anayeingia dukani wakati wa baridi, ama amevaa nguo za mazoezi na jaketi, ama gauni na koti la manyoya. Wauzaji wale walimpa mwenye nguo za mazoezi hadhi ya juu kuliko mwenye manyoya. Wanawake wengine walioulizwa swali hilo hilo kwenye stesheni kuu ya treni ya Milano hawakuona hivyo. Maelezo ya watafiti ni kwamba muuzaji mzoefu ameshaona wenye fedha wengi wasiojisumbua kujipamba, na huisoma hali ile kama kujiamini. Kuna sharti moja, nalo ni kwamba lazima ionekane mtu kavaa vile kwa kutaka, si kwa kukosa.

Hapo ndipo wengi wetu wanapokwama. Ndala za mtu mmoja husomwa kama uhuru wa tajiri, na ndala za mwingine, zile zile, husomwa kama umaskini, na anayeamua ni macho ya muuzaji pamoja na kila alichofundishwa kuhusu watu wanaofanana nawe. Kwa sababu hiyo siungi mkono ushauri unaosambaa mitandaoni kwamba ukienda madukani Ulaya uvae vitu vya majina makubwa. Unatumia fedha kununua heshima ya mtu ambaye kazi yake ni kukuheshimu bure. Nguo safi iliyopigwa pasi na viatu ambavyo mguu wako haulalamiki vinatosha, kwani utasimama muda mrefu.

"Hatuna"

Neno hili lina maana mbili, na muuzaji hatakuambia ametumia ipi.

Chukua mkoba wa Birkin wa Hermès, nyumba ya kifahari ya Ufaransa, mkoba ulioanza 1984 na kupewa jina la mwigizaji na mwimbaji Jane Birkin. Ukiingia dukani ukauomba, kwa kawaida jibu ni kwamba haupo. Machi 2024 wateja wawili walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko California, wakidai kwamba wauzaji wa Hermès hupata kamisheni ya asilimia 3 kwa viatu, skafu, vito na kadhalika, asilimia 1.5 kwa mikoba mingine, na hawapati chochote kwa Birkin. Kwa madai yao, mkoba ule hutumika kama chambo cha kumfanya mteja anunue vitu vingine kwanza. Mahakama iliitupa kesi hiyo 2025, kwa hiyo asilimia hizo zibaki kama zilivyo, yaani madai ya upande mmoja. Lakini hata bila kesi, kila anayefuatilia biashara hii anajua kwamba historia yako ya manunuzi hutazamwa kabla ya kuonyeshwa vitu vya namna hiyo. Saa za Rolex nazo zimefika hapo. Katika maduka mengi ya mawakala, saa za chuma zinazotafutwa sana hukaa kwenye kioo zikiwa na kibao kwamba ni za maonyesho tu.

Ukikutana na "hatuna" ya aina hii, usiichukue kama tusi lako binafsi. Tajiri wa Geneva aliyeingia kwa mara ya kwanza hupewa jibu lile lile. Uliza maswali mawili mafupi: je, kuna orodha ya kuandikisha jina, na je, kuna miadi? Maduka ya Hermès ya Paris, kwa mfano, yana utaratibu wa kuomba miadi ya bidhaa za ngozi kwa njia ya mtandao, na pasipoti huhitajika. Kama jibu kwa yote mawili ni hapana, shukuru uondoke. Usianze kununua skafu na sahani ili upendwe. Hakuna maandishi yoyote yanayolibana duka likupe mkoba baada ya skafu ya tano.

"Hatuna" ya pili ni mbaya zaidi, nayo hutambulika kwa mwendo wake. Muuzaji hakuuliza saizi, hakuuliza rangi, hakugusa kompyuta wala simu ya kazini, hakwenda stoo. Jibu lilitoka kabla swali halijaisha. Muuzaji asiyejua kama kitu kipo au hakipo lazima aangalie mahali, maana hakuna anayekariri stoo nzima. Tiba yake ni namba. Karibu kila bidhaa ya nyumba hizi ina namba yake ya utambulisho inayoonekana kwenye tovuti yao. Iandike kwenye simu kabla hujaondoka hotelini, pamoja na rangi, saizi na bei ya nchi ile. Ukimwonyesha muuzaji namba, lazima aingize namba. Ikiwa tovuti yenyewe inaonyesha kwamba kitu kipo katika tawi lile na yeye anasema hakipo, sasa una jambo la kumwuliza meneja, na una ushahidi mkononi.

Bei ikitangulia jina

Agosti 2013 Oprah Winfrey, mtangazaji tajiri wa televisheni wa Marekani, alisimulia kilichompata Zürich, alikokuwa amekwenda kwa ajili ya harusi ya Tina Turner. Aliingia dukani, akaomba kuonyeshwa mkoba wa Tom Ford wa ngozi ya mamba, uliokuwa wa faranga 35,000 hivi. Kwa maelezo yake, muuzaji alimwambia huo ni ghali mno na kumwelekeza kwenye mikoba ya bei ya chini. Ofisi ya utalii ya Uswisi iliomba radhi. Mwenye duka alisema yalikuwa kutoelewana, na muuzaji alikana kusema hivyo.

Yeyote utakayemwamini, angalia mjengo wa tukio, kwa kuwa ndio unaojirudia madukani kila siku, hata Masaki jijini Dar na Westlands jijini Nairobi. Mteja anaomba kuona. Muuzaji anajibu kwa bei. "Dada, naomba niione hiyo ya juu." "Hiyo ni laki nane." Hakuna aliyeuliza. Bei iliyotangulia jina la bidhaa ndiyo dharau ya kawaida kuliko zote, na ni ngumu kuilalamikia kwa sababu kwa maandishi haina ubaya wowote: kaulizwa kuhusu kitu, katoa taarifa. Ubaya uko kwenye mpangilio. Kwa mteja aliyemheshimu angeanza na kitu chenyewe: ngozi yake, imetoka wapi, inakaaje begani. Bei ingekuja mwisho, au mteja angeiuliza mwenyewe.

Jibu lake linalofaa ni fupi: "Asante. Naomba niuone." Usieleze una kiasi gani, usiseme unafanya kazi wapi, usitoe kadi kabla ya wakati. Rudia ombi lile lile kwa sauti ile ile na unyamaze. Muuzaji sasa ana mambo mawili tu ya kufanya, kufungua kabati au kukataa wazi. Wengi hufungua.

Naye akifungua, hakikisha umekiona kitu kweli, maana haraka ya kutaka kuthibitisha kwamba unaweza kununua huwafanya watu wasahau kukagua. Mkoba hutolewa ukiwa umejazwa karatasi tumboni ili usimame vizuri. Omba zitolewe. Mkoba uliojazwa hauonyeshi uzito wake halisi wala unavyolegea ukibebwa. Tia simu yako, pochi yako na miwani, kisha uuvae mbele ya kioo. Funga na fungua zipu yote mara mbili. Tazama pale mpini unapoungana na mwili wa mkoba, kwa kuwa ndipo panapobeba uzito na ndipo panapoanza kuachia. Mshono wa pande zote mbili uwe sawa, na ukingo wa ngozi uliopakwa rangi usiwe na nyufa. Kwa saa, uliza kama bei ni pamoja na kupunguza mkanda, na dhamana ni ya miaka mingapi. Dakika kumi na tano za ukaguzi ni haki yako, na muuzaji mzuri huzitumia kukufundisha.

Mwaka 2005 Oprah huyo huyo alifika duka la Hermès mjini Paris likiwa limeshafungwa, akakataliwa kuingia, na baadaye mkuu wa Hermès nchini Marekani, Robert Chavez, akaenda kwenye kipindi chake kuomba radhi. Funzo la tukio lile ni la saa. Nusu saa ya mwisho kabla ya kufunga, vitu vinahesabiwa na kurudishwa kwenye sefu, na hata mteja mpendwa huonekana mzigo. Asubuhi za Jumanne hadi Alhamisi, saa moja baada ya kufungua, wauzaji huwa na nafasi na uso wa kibinadamu.

Na salamu. Ufaransa, kuingia dukani bila kusema "bonjour" ni utovu wa adabu, na baridi unayoipata baada ya hapo mara nyingi umeianzisha mwenyewe bila kujua. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, maana kwetu pia huwezi kuingia mahali ukaanza na "Hii shilingi ngapi?" kabla ya hodi na habari za asubuhi. Mwambie mlinzi, kisha umwambie muuzaji, ukimtazama machoni. Sentensi ya pili iwe ile habari anayoikosa: natafuta kitu fulani, rangi fulani, ni zawadi au ni changu.

Kununua kwa hasira

Sasa lile nililosema nitalirudia. Morgan Ward na Darren Dahl walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu kinachotokea mteja akidharauliwa dukani. Mtu angetegemea kwamba aliyedharauliwa atalichukia duka. Waligundua kwamba kwa majina ya kifahari kama Louis Vuitton, Gucci na Burberry, dharau inaweza kumfanya mteja azidi kuitaka bidhaa na kuwa tayari kulipa zaidi. Kwa majina ya kawaida kama Gap na H&M haikuwa hivyo. Hali hiyo ilijitokeza pale mteja alipokuwa tayari anaitamani bidhaa kama sehemu ya mtu anayetaka kuwa, na pale muuzaji mwenyewe alipoonekana kulibeba jina la duka kwa mavazi na mwenendo.

Fikiri maana yake kwa mtu aliyejidunduliza miaka miwili. Anaingia kununua kipochi cha kadi cha euro 300. Anatazamwa vibaya. Dakika arobaini baadaye anatoka na mkoba wa euro 2,000, akidhani amewakomesha. Duka limepata zaidi ya mara sita ya lile alilokusudia kulipa, na muuzaji aliyemdharau ndiye aliyeandikiwa mauzo. Huu ni unyang'anyi wa kistaarabu, na huwapata zaidi wale ambao dunia imewazoesha kutiliwa shaka. Inanikasirisha kuliko foleni zote za Paris.

Utafiti ule ule una habari njema moja: hamu ile hupungua kadiri muda unavyopita. Basi dawa ni kutoka nje. Sema utarudi, chukua kadi ya jina ya muuzaji mwingine, nenda ukanywe kahawa, lala. Kesho yake kama bado unakitaka kitu kile, kinunue, ila kwa muuzaji mwingine au tawi jingine. Kumbuka pia kwamba katika Umoja wa Ulaya sheria inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu, lakini aliyenunua dukani ana kwa ana hana haki hiyo. Anategemea sera ya duka, na mengi hubadilisha tu au hutoa hati ya kununua tena kwao. Uliza kabla ya kulipa.

Kwenye malipo nitapita haraka, ingawa ndiko aibu nyingine hutokea. Kadi nyingi za benki zetu zina kikomo cha matumizi kwa siku, na baadhi hufungwa zikitumika nje ya nchi ghafla. Kadi ikikataa mbele ya muuzaji aliyekwisha kutilia shaka, maelezo yako yote hayasikiki. Wapigie benki siku chache kabla, watajie nchi na tarehe, wapandishe kikomo. Mashine ikiuliza kama ulipe kwa euro au kwa shilingi, chagua euro, kwa sababu kiwango cha shilingi hupangwa na mwenye mashine na huwa na nyongeza. Beba pasipoti. Ufaransa mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya akinunua zaidi ya euro 100 anaweza kurudishiwa sehemu ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kodi ni asilimia 20, lakini ikishatolewa ada ya kampuni inayorudisha, kinachofika mkononi ni kama asilimia 12 ya bei, yaani euro 240 hivi kwa mkoba wa 2,000. Fomu hutolewa dukani wakati wa kulipa na huthibitishwa uwanja wa ndege kabla hujakabidhi mizigo. Uingereza ilifuta utaratibu huo Januari 2021. Dubai, wanakonunua wengi wetu, kodi ni asilimia 5, manunuzi yaanzie dirham 250, na unarudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo ikipunguzwa ada ndogo.

Likiwa ni ubaguzi

Mwaka 2013 kijana wa miaka 19, mwanafunzi mweusi, alinunua mkanda wa dola 350 hivi katika duka la Barneys jijini New York, akalipa kwa kadi yake, akatoka na risiti, kisha akakamatwa na polisi mtaani kwa dhana kwamba kadi ile haiwezi kuwa yake. Agosti 2014 duka lilifikia makubaliano na mwanasheria mkuu wa jimbo na kulipa dola 525,000. Hapo hakuna utaratibu wala uhaba. Kijana alifanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo asidanganyike mtu kwamba salamu nzuri na viatu safi ni kinga.

Ukiona umeingia katika hali hii, acha kubishana kuhusu heshima na anza kukusanya. Saa na dakika. Jina lililo kwenye beji. Maneno kamili yaliyosemwa, si maana yake, yaandike kwenye simu kabla hujafika kona ya mtaa. Shahidi, kama yupo, na namba yake. Risiti yoyote, hata ya kahawa ya jirani, inayoonyesha ulikuwa pale. Kisha, Ulaya, andika barua pepe kwa duka ukiomba picha za kamera zinazokuonyesha wewe. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, ibara ya 15, inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu, na duka lina mwezi mmoja wa kujibu. Ila usichelewe hata wiki. Ufaransa picha hizo kwa kawaida hazihifadhiwi zaidi ya mwezi mmoja, na kilichofutwa hakirudi.

Sheria ya jinai ya Ufaransa, vifungu 225-1 na 225-2, inafanya kumnyima mtu bidhaa au huduma kwa sababu ya asili yake kuwa kosa la hadi miaka mitatu jela na faini ya euro 45,000. Likifanyika mahali panapopokea umma, inafika miaka mitano na euro 75,000. Tangu 2006 sheria hiyo inakubali pia ushahidi wa kujaribisha: watu wawili wanaotofautiana kwa asili tu wanatumwa duka moja kuomba kitu kimoja. Uingereza kuna sheria ya usawa ya 2010, na muda wa kufungua dai la huduma ni miezi sita kasoro siku moja. Nchini Kenya, ibara ya 27 ya Katiba inamkataza hata mtu binafsi, si serikali peke yake, kumbagua mwingine. Wengi wanakumbuka Machi 2015, mgahawa mmoja wa Nairobi ulipogundulika kuwazuia Waafrika kuingia baada ya saa kumi na moja jioni, na kaunti ikaufunga.

Kwa wenye maduka wa nyumbani

Nasema nao pia, kwa sababu malalamiko ya mwenyeji kupitwa na mhudumu anayemkimbilia mgeni mweupe ni ya zamani, kuanzia hoteli za pwani hadi maduka ya vito, na tumeyazoea mno. Biashara haigombi, wazee walisema, na muuzaji anayemnunia mteja anagombana naye bila kufungua mdomo.

Mwenye duka haoni hali hii kwa sababu akiwapo, kila mtu anakuwa mpole. Atumie njia ya kujaribisha. Wiki moja, siku mbili tofauti, saa ile ile, atume watu wawili wasiojulikana dukani: mmoja kavaa suti, mwingine kavaa kanga na ndala au fulana ya kawaida. Wote waombe kitu kimoja. Kila mmoja aandike mambo manne: dakika ngapi zilipita kabla ya kusalimiwa, swali la kwanza aliloulizwa, ameonyeshwa vitu vingapi, na kama mlinzi alimfuata. Karatasi mbili zikiwekwa mezani pamoja hazihitaji ufafanuzi.

Halafu atazame malipo. Kama muuzaji analipwa kwa mauzo ya siku peke yake, ataendelea kuchagua nyuso, haidhuru umemfundisha mara ngapi kutabasamu. Sehemu ya bonasi ikiwekwa kwa duka zima, kutegeana kunapungua, kwa kuwa mteja wa mwenzako ni wako pia. Wanaotazama tu waandikiwe kwenye daftari walichokitazama, kwa namba ya simu wakikubali, ili kikishuka bei wapigiwe. Na mlinzi apewe mafunzo ya salamu pamoja na wauzaji, siku ile ile, chumba kile kile. Yeye ndiye anayemwona mteja kwanza, na mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, akiwa amesimama kutwa bila kiti. Mpeni kiti.